Kabla Sijauchua Mkono Wako

Wanangu, kaeni. Mwenye haraka akae ukingoni mwa baraza, asiye na haraka asogee huku chini ya mwarobaini. Mimi sina haraka. Nina uchovu tu.

Juzi usiku, saa nne imeshapita, nilibishiwa hodi. Alikuwa kijana wa bodaboda, wa kijiwe cha pale kwa Azizi Ally. "Shikamoo babu." Marahaba. "Babu, jana niliteleza na pikipiki, mkono umevimba. Nichue kidogo nirudi kazini." Nikaleta taa. Kifundo cha mkono kimefura, kimekaa upande, na vidole kavikunja kama anaficha kitu kiganjani. Nikamwambia mkono huu siuchui, nenda hospitali ya Temeke usiku huuhuu. Akanuna. Nilimsikia akimwambia mwenzake pale nje kwamba babu siku hizi anaringa, anataka kuongezewa hela. Jana jioni amepita hapa amefungwa hogo, kutoka kwenye vidole hadi chini ya kiwiko. Mfupa ulikuwa umevunjika. Hakusimama, lakini alinipungia ule mkono mzima.

Sina kinyongo naye. Mtoni yote inanijua kama mchuaji, na mtu hupeleka mkono wake kwa anayemjua. Nilijifunza kuchua bandarini. Niliingia kazi ya ukuli mwaka 1974, makontena bado hayajatuzoea wala sisi hatujayazoea, mzigo mwingi ukipita mabegani mwa watu. Gunia la saruji, gunia la kahawa. Jioni tunarudi kwa miguu kupitia Kurasini, kila mtu bega lake linamlilia, na aliyejua kumchua mwenzake alikuwa na heshima kuliko mnyapara. Basi mikono hii imechua mabega ambayo siwezi kuyahesabu. Baadhi niliyachua vizuri. Moja nililichua vibaya, nalo ndilo linalonifanya niwakalishe hapa leo. Nitalifikia nikipata nguvu.

Kwa sasa shikeni neno moja tu: mkono uulizwe kabla haujachuliwa. Kuanzia chini ya bega hadi ncha za vidole, mkono mmoja una mifupa 30. Humo mna misuli, kano, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, na hiyo ya fahamu karibu yote inatoka shingoni. Kwa hiyo mkono unaweza kuuma kwa makosa yake wenyewe, na unaweza kuuma kwa makosa ya shingo, ya sukari, ya damu, hata ya moyo. Mkono ni tarishi. Kumchua tarishi hakujibu barua aliyoileta.

Swali langu la kwanza kwa kila anayekuja na mkono ni hili: kifua chako kikoje? Wengi hucheka. Babu, nimekuja na mkono, unaniuliza kifua? Ndiyo, nakuuliza kifua. Moyo ukikosa damu, maumivu yake hayakai mahali pamoja. Hupanda begani, hushuka mkono wa kushoto, na pengine wa kulia au yote miwili, huingia shingoni, kwenye taya, mgongoni katikati ya mabega. Kifua chenyewe huhisi kubanwa, kama mtu amekiwekea gunia. Jasho la baridi linatoka, pumzi inakuwa fupi, tumbo linachafuka mpaka mtu anasema ni gesi au vidonda vya tumbo. Na si wote wanaosikia kifua. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza kupata mkono, taya na uchovu wa ajabu tu, kifua kikanyamaza.

Mkono wa misuli huwa una tabia yake: ukiuinua unauma, ukiubonyeza unauma, ukiutuliza unatulia. Mkono wa moyo haujali sana umeukunja au umeunyoosha. Mara nyingi huanza ukipanda ngazi, ukisukuma mkokoteni au ukigombana, na huenda ukapungua ukikaa. Lakini msiifanye hiyo kuwa mizani ya kujipimia nyumbani. Mkono unaouma pamoja na kifua kubana, jasho, au pumzi kukatika ni safari ya hospitali dakika hiyohiyo. Si ya kesho, si baada ya kuoga, si baada ya kumalizia chai. Asiendeshe mwenyewe, asipakiwe pikipiki peke yake nyuma akaanguka njiani. Tafuteni gari au bajaji, mtu amshike. Temeke ipo karibu. Wao wakiona haja watampeleka Upanga, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambayo tangu mwaka 2015 imetupunguzia safari za kwenda India. Sisi wa zamani hatukuwa nayo.

Swali la pili ni ndugu wa la kwanza: mkono unauma, au umelegea? Kiharusi mara nyingi hakiumi, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Mkono unakuwa mzito, kikombe kinadondoka, mtu anasema nimeulalia. Mwambieni atabasamu, mtazame kama mdomo umekwenda upande. Mwambieni ainue mikono yote miwili, mtazame kama mmoja unashuka. Mwambieni aseme jina la mtaa wake, msikie kama ulimi unateleza. Moja tu kati ya hayo likikosea, mpelekeni, na mkumbuke ni saa ngapi lilianza, maana daktari atauliza. Msimnyweshe maji, anaweza kupaliwa. Najua mtaani watakwambia ni upepo mbaya, ni shetani, atafutwe mtaalamu kwanza. Mtaalamu hana haraka, kiharusi kinayo. Dua isomwe, mimi sikatazi, lakini isomwe ndani ya gari linalokwenda.

Swali la tatu: umeanguka, umegonga, umevutwa? Hapa ndipo wachuaji tumewaumiza watu wengi, na nasema tumewaumiza maana nami nimo. Mkono ukitoka kuumia, siku mbili za kwanza si za kuchua wala za maji ya moto. Ndani kunavuja damu, wewe unaongeza moto na kusukuma. Unaozidi ni uvimbe. Siku hizo ni za kupumzisha mkono, kuuninginiza kwa kanga shingoni, kuuinua juu ya mto ukilala, na kuukanda kwa barafu. Barafu ya kibandani kwa jirani inatosha, ifungeni kwenye kitambaa, dakika kumi na tano au ishirini, kisha itolewe. Na pete na bangili zitoke kabla vidole havijavimba, la sivyo mtaitafuta tupa.

Lakini mkono uliopinda, usioweza kushika, unaouma ukiguswa sehemu moja ya mfupa, au wenye jeraha linaloonyesha mfupa, huo hauna barafu. Ufungwe kama ulivyo, kwa ubao au gazeti lililokunjwa, usinyooshwe, uende hospitali kupigwa picha. Bibi aliyeteleza chooni akajizuia kwa kiganja, naye apelekwe hata kama anasema ni kuteguka tu. Mifupa ya uzee huvunjika kwa kishindo kidogo.

Nami najua habari za mafundi wa kuunga mifupa. Wapo wenye mikono mizuri, sitawatukana. Ila nimewaona watoto waliodondoka kwenye mwembe, wakafungwa banzi la mianzi na kamba mpaka vidole vikawa vya zambarau. Mtoto analia usiku kucha, mama anaambiwa mvumilie, ndiyo mfupa unaunga. Mfupa ukiunga hauongezi maumivu kila saa. Maumivu yanayopanda badala ya kushuka baada ya kufungwa, vidole kuwa baridi, kuvimba, kufa ganzi au kukataa kunyooka, maana yake damu haipiti. Iwe banzi la fundi au hogo la hospitali, rudini wakati uleule lilegezwe. Mkono ukikosa damu kwa saa chache unaweza kukatwa, na aliyekatwa mkono kwa mfupa uliokuwa uunge kwa wiki sita, nani atamjibu? Muhimbili tuna Taasisi ya Mifupa, MOI, tangu mwaka 1996, na nusu ya vijana wa kijiwe wanaijua kwa sababu ya pikipiki. Si mahali pa kuogopa.

Kina mama, hili ni lenu. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne, unamvuta mkono mmoja kumpandisha daladala pale Kilwa Road, konda anapiga bati, unamnyanyua juu kwa kiganja. Akifika nyumbani mkono anauacha umening'inia, ukiugusa analia, ukimpa biskuti anaipokea kwa mkono mwingine. Ni kiwiko kimeteguka kidogo, kwa daktari kinarudi mara moja. Asichuliwe. Na kuanzia leo mbebeni kwa makwapa.

Na mtoto mchanga, wa miezi sita au wa mwaka, ambaye vidole vya mikono na miguu vimevimba, ana homa, analia akishikwa, naye hakuanguka popote? Huyo apimwe selimundu. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo, na mara nyingi ishara yake ya kwanza ni mikono hiyo midogo iliyovimba. Zamani tulisema mtoto amepigwa na baridi, tukamkanda. Tulizika watoto ambao leo, wakijulikana mapema na kuhudhuria kliniki, wanasoma na kuoa.

Sasa swali la nne, ambalo kwa Mtoni yetu ya samaki na mikoko ni kubwa: una sukari?

Mama mmoja wa hapa alikuwa akikaanga samaki kwa miaka mingi. Akachomwa na mwiba wa changu kwenye kidole gumba. Kitu gani mwiba wa samaki kwa mwuza samaki? Akafyonza, akafuta kwa kanga, akaendelea. Siku ya tatu kidole kikawa kama ndizi. Akaja kwangu. Mimi nikaona usaha, nikaona wekundu unapanda kwenye kiganja, nikamuuliza: mama, una kisukari? Akasema alishawahi kuambiwa, akatumia dawa miezi miwili, akajisikia vizuri akaacha. Nikamwambia nenda leo. Akaenda baada ya siku sita, maana kwanza kulikuwa na shughuli ya mtoto wa dada yake, halafu mtu akamletea majani ya kubandika. Alirudi na vidole vitatu. Alhamdulillahi alirudi.

Msidhani ni bahati mbaya ya mama mmoja. Jambo hili limeandikwa, na mji wetu ndio uliotajwa. Kati ya mwaka 1998 na 2002 madaktari wa Muhimbili, akiwamo Dk. Zulfiqarali Abbas wa kliniki ya kisukari, walikuwa wakifuatilia wagonjwa wa aina hiyohiyo: mtu mwenye kisukari, kidonda kidogo cha mkono, kaumwa na mdudu au kachomwa na kitu, kisha mkono unavimba, unatunga usaha, unaoza. Mwaka 2002 taarifa yao ikachapishwa katika jarida la wiki la kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ikiwa na jina la Dar es Salaam kwenye kichwa chake. Madaktari wa Nigeria walikuwa wameuona ugonjwa huu tangu miaka ya themanini. Kitaalamu unaitwa mkono wa kisukari wa nchi za joto. Na walichokikuta wote kinafanana: wanaokatwa na wanaokufa ni waliochelewa.

Sababu yake si uchawi. Sukari ikizidi kwenye damu, askari wa mwili wanazubaa na vijidudu vinakula karamu. Sukari ya muda mrefu pia inaua hisia za vidole, kwa hiyo mtu haumwi kiasi kinachostahili, anadhani ni kidogo. Na akija kukandwa kwa maji ya moto, anaunguzwa asijue. Ndiyo maana mwenye kisukari simkandi kwa maji ya moto hata akiniapia. Mwenye kisukari, kidonda cha mkono, hata cha kucha, kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe, na kikianza kuvimba aende siku hiyohiyo. Na asiyejijua apime. Ni tone la damu kidoleni. Asubuhi kabla hujala kitu, ikifika 7.0 mmol/L au ikazidi, ukirudia siku nyingine ikawa hivyo hivyo, basi unayo, na kuijua ni bora kuliko kuambiwa na mwiba.

Hata asiye na sukari, mkono uliovimba, mwekundu, wa moto, wenye homa, au wenye mstari mwekundu unaopanda kuelekea kwapani, ni wa hospitali leo. Vivyo hivyo kiungo kimoja kilichovimba ghafla na kukataa kukunjika, hasa kwa mtoto mwenye homa. Na mkono mzima uliofura ghafla ukabadilika rangi bila kuumia huenda mna damu iliyoganda ndani. Mkono uliogeuka baridi, mweupe, usio na mapigo, ni wa kukimbia nao. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaochuliwa. Ukimchua mwenye damu iliyoganda unaweza kuisukuma ikasafiri mpaka kwenye mapafu.

Mmechoka? Mimi pia. Lakini nimemaliza ya kutisha, yaliyobaki ni ya kila siku, nayo ndiyo mengi. Maumivu mengi ya mikono si mauti. Ni kazi.

Swali la tano, basi: unafanya kazi gani, na ganzi iko vidole vipi? Fundi cherehani, dobi, mama anayesukuma chapati tangu alfajiri, kijana anayeshika usukani wa bodaboda mchana kutwa, wanakuja na habari moja: babu, usiku naamka mkono umekufa, naukung'uta mpaka damu irudi. Nawauliza, vidole vipi? Wanaonyesha gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Hapo mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Hata wajawazito huwapata, na wengi huwaachia wakijifungua. Dawa yake ya kwanza ni kupumzisha kifundo, kukifunga kisikunjike usiku, na kupunguza ile kazi. Ukiona nyama ya chini ya gumba inanywea, au sindano na vifungo vinakushinda, nenda kwa daktari. Mshipa uliobanwa kwa miaka hausamehi.

Ganzi ikianzia shingoni ikateremka kama umeme mpaka kidoleni, ukigeuza shingo inazidi, basi mkono hauna kosa, ni pingili za shingo. Sisi makuli tunaijua, na wanaobeba ndoo za maji kichwani wanaijua. Nyingi hutulia kwa wiki chache. Lakini ikija na mkono kukosa nguvu, miguu kuyumba, au haja kutoka bila ruhusa yako, hiyo ni dharura.

Kiwiko cha fundi seremala na mponda kokoto wa Kunduchi huuma upande wa nje kwa kurudia kazi moja. Ni kano zimechoka. Kinataka mapumziko, kisha mazoezi ya polepole. Bega linalokakamaa polepole, mtu hawezi kufunga takbiri sawasawa, mama hawezi kusuka nywele zake wala kufunga vifungo vya mgongoni, huchukua mwaka mpaka mitatu kuachia, na wenye kisukari huwapata zaidi. Hilo linataka mazoezi ya viungo, wala halitaki mtu wa kulivuta kwa nguvu. Nimeliona bega lililovutwa kwa nguvu kibarazani, sirudii kusimulia.

Halafu kuna hii tunayoiita baridi yabisi, tukaipa lawama baridi ya watu. Mikono yote miwili imevimba vifundo, asubuhi vidole havikunjiki kwa saa nzima au zaidi, wiki sita sasa. Usikae nayo mpaka vidole vipinde, zipo dawa za kuizuia. Kiungo kinachowaka ghafla usiku baada ya nyama na pombe huenda ni jongo. Kikirudi mara kwa mara kipimwe. Maumivu ya kuungua upande mmoja, siku mbili tatu baadaye malengelenge yanapanga mstari, ni mkanda wa jeshi. Wahi, dawa yake hufanya kazi vizuri ndani ya siku tatu tangu malengelenge kutoka. Na mwanamke mwenye mkono unaouma au kuvimba pamoja na uvimbe kwapani au kwenye titi, asione haya. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Kwa maumivu ya kazi yasiyo na hatari, pumzisha mkono bila kuusahau, maana mkono usiosogezwa kabisa nao hukakamaa. Panadol za miligramu 500, mbili kwa wakati, zisizidi nane kwa siku kwa mtu mzima. Zile dawa kali za maumivu, diklofenaki na wenzake, msizile kama karanga. Zinatoboa tumbo, zinaumiza figo, zinapandisha presha. Wala msichomwe sindano dukani. Dawa ya maumivu haimwondoi mwizi, inamziba mdomo mbwa. Baada ya wiki mbili mkono bado unauma, unakuamsha usiku, au unakupunguzia nguvu, nenda ukaonwe hata kama hauna hata dalili moja ya zile nilizotaja.

Najua mtakavyonijibu. Babu, hela. Sikatai, hospitali ina foleni na foleni ina gharama. Nimekaa kwenye benchi la hospitali moja, siitaji, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka adhuhuri na bega langu, nikaambiwa daktari ametoka. Nikarudi nyumbani na hasira, nikakaa miezi mitano bila kurudi. Bega halikujua kwamba nimekasirika, likaendelea kuharibika. Leo siwezi kushusha kikombe kabatini kwa mkono wa kulia. Hasira ile niliilipa mimi, si wao. Basi, pasipo dharura, anzeni na zahanati ya jirani, wawape barua, mwende Temeke mkiwa na barua. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya msamaha, na mtoto chini ya miaka mitano vilevile. Ulizeni dirishani, msione haya kuuliza. Wenye kipato cha kubahatisha, wekeni bima wakati mna afya, siyo siku mkono umeshavimba.

Sasa lile bega nililowaahidi.

Mwaka 1997, mwezi ambao mvua zilikuwa hazikatiki, mwenzangu wa bandarini alikuja hapa hapa, kwenye hili baraza. Tulikuwa tumebeba pamoja miaka ishirini. Alikuwa ameshika mkono wa kushoto. Akasema unamvuta mpaka kwenye taya, na chakula cha mchana kimemkaa vibaya. Alikuwa na jasho, nami nikasema ni joto, ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Nikamwambia umebeba vibaya, kaa. Nikapasha mafuta ya nazi yenye karafuu, nikamchua kuanzia shingoni hadi kiganjani, karibu nusu saa, tukizungumza habari za Yanga. Akasema, kaka, nimepata nafuu, mikono yako ina baraka. Akaenda kulala. Alfajiri mkewe alikuja kunigongea, na sikuhitaji kuambiwa.

Hakupasuliwa, kwa hiyo siwezi kuapa ni nini kilichomwua. Lakini miaka kadhaa baadaye nilimsimulia daktari mmoja maneno yale yale niliyowasimulia ninyi: mkono wa kushoto, taya, tumbo, jasho. Akaniangalia kwa muda, kisha akasema, mzee, usijilaumu, hukujua. Nimejaribu. Kweli sikujua. Ninyi leo mmejua, na ndicho nilichowakalisha hapa kuwavua: ule udhuru niliokuwa nao mimi.

Kwa hiyo mkipiga hodi, mchana au usiku, nitafungua. Nitawasha taa, nitawauliza kifua, nitawauliza ulegevu, nitawauliza mmeanguka wapi, nitawauliza sukari, nitawauliza vidole. Mkijibu vizuri nitawachua, na mkono wangu bado una nguvu kuliko mnavyodhani. Nikikataa, msininunie. Chukueni bajaji mwende Temeke, na nauli kama hamna, gongeni tena, nitatoa.

Haya, nipeni mkono niinuke. Adhana inalia.